Ua Ambalo Hakuna Aliyewahi Kuliona

Mke wangu aliponiita asubuhi ile, aliita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. Nilikuwa bafuni, nusu ya ndevu nimenyoa, nusu bado iko ndani ya povu. Nikatoka hivyo hivyo, taulo kiunoni, wembe mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Si nyoka?"

"Nyoka gani, wewe! Njoo hapa. Inama. Usiguse. Na usipumue."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la sebuleni, lenzi yake ya kazini ameibana jichoni. Mke wangu hukata vioo vya miwani katika duka la daktari wa macho, na lenzi ile haimtoki mfukoni, kama vile mimi bisibisi isivyonitoka. Nikainama. Kwenye chungu kikubwa cha okidi, katikati ya jani na jani, palikuwa pamechomoza kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Mzizi," nikasema. Nilikuwa na sababu. Mmea ule ulishatudanganya mara nyingi. Kila tulichokishangilia kilikuja kuwa mzizi.

"Mzizi una ncha ya mviringo, inang'aa kama imelambwa. Huu angalia. Ncha imechongoka, halafu pembeni ina kigamba. Kama mkono wa mtoto uliovalishwa soksi, gumba huku, vidole kule." Akaniwekea lenzi jichoni mwenyewe. "Huu si mzizi, mume wangu. Hiki ni kikonyo. Kikonyo cha maua!"

Akasimama, akanikumbatia na povu langu lote, tukaanza kurukaruka pale sebuleni kama watoto waliosikia shule imefungwa. Taulo ikaniponyoka. Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa na dada yangu akaingia na beseni la maembe.

"Salale!" akasema, akageukia ukuta. "Watu wazima nyinyi. Kuna nini?"

"Ile okidi kubwa ya Mama inataka kuchanua, wifi!" mke wangu akasema, huku mimi naokota heshima yangu sakafuni.

Dada akatupa jicho dirishani kwa sekunde moja. "Hongera, wifi. Nasikia umeota kijiti." Akapita zake na maembe yake.

Ili uelewe kwa nini watu wazima waliruka, na kwa nini mmoja alitupa jicho na kupita, lazima nikuambie habari za Mama.

Mama yetu alikuwa mkunga. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku, yeye akaanza kufuga okidi. Alikuwa na mbili alizozipenda kuliko zote: moja ya maua makubwa meupe, nyingine ya maua madogo ya manjano yenye madoadoa. Siku moja akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akatoa chavua kwenye ua jeupe, akaipachika kwenye lile la madoa. "Nimewaozesha," akatuambia wakati wa chakula. Tukacheka. Lakini ua la madoa likanyauka, na shingo yake ikavimba, ikawa kama tango dogo, ikakaa hivyo miezi na miezi mpaka sisi tukaisahau. Mama hakuisahau. Aliipitia kila asubuhi kama anavyopitiwa mjamzito.

Mbegu za okidi ni vumbi. Ukipiga chafya umetawanya ukoo mzima. Na tofauti na mahindi au maharage, hazizaliwi na akiba ya chakula hata kidogo. Ukizimwaga kwenye udongo zinakufa njaa. Kwa hiyo Mama akapika uteute wa sukari, akaumimina kwenye chupa, akachemsha chupa kwenye sufuria la mvuke kama alivyokuwa akichemsha mikasi yake ya kazini, akavaa barakoa, akatufukuza wote jikoni. Chupa karibu zote zikaota ukungu. Moja ikapona. Ndani yake tukaona kwanza kama kutu ya kijani, halafu nukta, halafu majani madogo kama kucha za paka.

Miaka ikapita. Okidi haina haraka, wala haijali kama wewe unayo. Vile vimea vilipofikia urefu wa kidole, Mama akaugua. Tulikuwa wote kitandani kwake hospitali alipomshika mke wangu mkono. "Wale watoto ni wako sasa, mwanangu. Wewe una subira."

Dada yangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kakumbatia chupa ya chai. "Na mimi, Mama, nina nini?"

Mama akacheka kidogo. "Wewe una maji mengi, binti yangu."

Ulikuwa utani wa kweli, maana dada hakuwahi kupewa mmea asiuzamishe. Alikuwa akimwagilia kwa mapenzi, asubuhi na jioni, mpaka mizizi inaoza. Wote tukacheka, naye akacheka, lakini alicheka kwa meno tu. Siku chache baadaye tukamzika Mama, na utani ule ukabaki nyumbani kama mfupa wa samaki kooni. Humezi, hutemi.

Sasa basi. Ua jeupe tulilijua. Ua la madoa tulilijua. Lakini mtoto wao? Hakuna aliyemjua. Si mtaani kwetu tu. Duniani kote hapakuwa na jicho la mtu lililowahi kuona ua la mmea ule, kwa sababu lilikuwa halijawahi kuwepo. Mke wangu akiliwaza hilo alikuwa anashindwa kumaliza chakula. "Fikiria," alikuwa akiniambia, kijiko hewani. "Kitu kipya kabisa. Na kiko dirishani kwetu!"

Alikilea kitu hicho, pamoja na ndugu zake wawili waliobaki wadogo, kwa akili. Alikiweka kwenye dirisha la jua la asubuhi, nyuma ya pazia jepesi, akitazama rangi ya majani: yakiwa ya kijani iliyokolea sana anajua mwanga hautoshi, yakianza kuwa mekundu pembeni anajua umezidi. Hakutumia udongo. Okidi za aina ile kwao huota juu ya miti, zimekumbatia gome, hewa inapita katikati ya mizizi. Kwa hiyo alipanda kwenye vipande vya gome na mkaa, ndani ya chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Mizizi ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Ikiwa ya kijani, imeshiba, iache. Alinywesha asubuhi, akaacha maji yachuruzike yote, na tone likibaki katikati ya majani alilifyonza kwa pamba ili moyo wa mmea usioze. Mbolea alitia kidogo, nyepesi kama chai ya mgonjwa.

Majani yakanawiri, mmea ukanenepa, lakini maua hakuna. Hapo ndipo nilipopata kazi.

"Anahitaji baridi," mke wangu akaniambia. "Baridi ya jioni, kwa wiki kadhaa. Bila hiyo hajui kama majira yamegeuka. Kila siku kwake ni ile ile."

Sasa mimi mtaani naitwa Baridi. Fundi Baridi, kwa sababu natengeneza majokofu na viyoyozi, na karakana yangu iko upande wa pili wa barabara, ubavuni mwa kliniki ya daktari wa meno. Mke akikuomba baridi na wewe ndiye Baridi mwenyewe, utasema nini? Nikafungua kidirisha cha juu, nikapachika feni ndogo niliyoitoa kwenye jokofu lililokufa, chini yake nikaweka sinia la barafu. Kila jua likizama, hewa ya ubaridi ilipita juu ya majani yale taratibu. Mteja mmoja alinikuta nabeba barafu nyumbani akauliza kuna mgonjwa wa homa. Nikamwambia hapana, kuna ua. Akaenda kuwaambia watu kwamba Baridi sasa anagandisha maua.

Na asubuhi ile ya povu na taulo ndiyo ilikuwa jibu.

Kikonyo kikakua. Kilinyooka kuelekea dirishani, mke wangu akakiegemeza kwenye kijiti na kukibana kwa kibanio cha nywele, bila kukaza. Akachora alama ya wino ubavuni mwa chungu, upande wa mwanga, ili asije mtu akakigeuza na maua yakajipinda yakitafuta jua. Matumba yakatokea, kwanza kama vichwa vya njiti, halafu kama mbaazi. Yalikuwa manane. Nyumba yetu ikawa ukumbi wa mabishano. Jirani yetu wa kushoto alisema litakuwa jeupe lenye madoa. Mimi nikasema la manjano tupu. Dada, ambaye alikuwa hapiti sebuleni bila kisingizio, akasema akiwa ameshika ufagio, "Litakuwa la pinki."

"Wazazi wake hawana pinki, wifi," mke wangu akasema.

"Na mimi wazazi wangu hawakuwa wafupi. Mbona mimi nimetoka kifupi hivi, nani alitabiri?"

Tukacheka, na safari hiyo hata yeye alicheka vizuri.

Dada anaishi vyumba vya uani, katika nyumba hiyo hiyo aliyotuachia Mama. Anatengeneza juisi, na mtaa mzima unamwita Mama Juisi. Juisi yake haina mpinzani. Mtu akionja ya embe na pasheni, ya dukani hanywi tena. Mwezi ule akapata oda kubwa ya mahafali ya chuo, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Stoo ikajaa, matunda yakafurika hadi kwenye ukumbi mdogo unaopakana na sebule: makreti ya maembe, mapapai, mapera, ndizi mikungu kwa mikungu, zote zimeiva zinanukia. Nyumba ilinukia kama peponi. Nilikuwa natoka kazini natembea kwa pua.

Kisha tumba la kwanza likageuka manjano.

Mke wangu aliliona kabla ya kwenda kazini. Aliligusa kwa ncha ya kidole, likaanguka kiganjani mwake. Alilifunga kwenye leso akaenda nalo dukani. Kesho yake likaanguka la pili, na la tatu likaanza kusinyaa.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza. Tulikagua kila kitu. Maji, sawa. Mizizi, minene, mizima. Majani, hakuna mdudu, alipitia yote kwa lenzi. Feni niliizima siku nyingi. Mwanga ule ule, alama ya wino mahali pake. Mmea ulikuwa mzima kama kigongo, lakini ulikuwa unatema matumba yake moja baada ya jingine. La tatu likaanguka, na la nne. Mke wangu aliyekuwa anashindwa kula kwa furaha sasa akawa anashindwa kula kwa huzuni.

Jumamosi tulikuwa jikoni wote watatu. Dada alikuwa ameletewa kapu la parachichi ngumu kama mawe, nami nikamwambia muuzaji kamtapeli.

"Wewe jua majokofu yako," akanijibu. "Hizi nafunika pamoja na ndizi mbivu, keshokutwa zimelainika kama siagi. Tunda bivu lina pumzi yake, kaka. Likipumua, la jirani nalo linaiva, litake lisitake. Ndiyo kuvundika huko."

Mke wangu alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikasimama. "Wifi, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la pumzi."

"Tunda bivu lina pumzi. Linaivisha kilicho karibu. Hata maua, ukiweka chombo cha maua karibu na ndizi mbivu, kesho yamenyauka. Kila muuza matunda anajua..." Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuza vichwa kuelekea ukumbini, kwenye ile mikungu ya ndizi, na ukuta ule mwembamba, na mlango wa sebule ambao haujawahi kufungika vizuri tangu nizaliwe.

"Yanavundikwa!" mke wangu akapiga kelele. "Matumba yangu yanavundikwa! Yanazeeka kabla hayajazaliwa!"

Ilikuwa kelele ya furaha, nakuapia. Ya mtu aliyepata jibu. Lakini dada aliisikia kama shtaka.

"Kwa hiyo matunda yangu sasa ndiyo mchawi?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Umesema. Mama alikupa wewe maua, mimi akaniambia nina maji mengi. Sawa. Nikanyamaza. Sasa hata matunda yangu kupumua ndani ya nyumba ya Mama ni kosa? Mahafali ni wiki ijayo. Nikayaweke wapi, kichwani?"

Mimi nilikuwa katikati yao nikijifanya nakagua dari, kama fundi aliyeitwa kwa ajili ya dari. Mke wangu akaweka kijiko chini taratibu.

"Matunda hayatoki," akasema. "Ni kazi yako, na nyumba ni yenu. Kinachohama ni ua. Na wifi, kama si wewe kusema, nisingejua mpaka yote yaishe. Asante."

Dada hakuwa amejiandaa kwa asante. Alichukua kapu lake la parachichi akatoka.

Tukabaki na swali la wapi. Karakana yangu ina moshi wa kuchomelea na gesi. Duka la miwani halina dirisha. Mke wangu akatazama barabarani, upande wa pili, kwenye dirisha pana la chumba cha kungojea cha daktari wa meno. "Pale jua la asubuhi linaingia," akasema. "Na sijawahi kuona mtu akila ndizi akingoja kung'olewa jino."

Daktari yule ni mtu mkimya anayependa usafi kupita kiasi. Alinisikiliza mlangoni, kinyago kimemfunika mdomo.

"Ana wadudu?"

"Hana, daktari."

"Anahitaji nini?"

"Kuangaliwa tu. Na hicho kiyoyozi chako nikigeuze kisimpulizie."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni atachanua ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona."

Akafikiri. Nikaona macho yake juu ya kinyago yakibadilika. "Mlete," akasema. "Mlete sasa hivi, kabla mgonjwa wangu hajaja."

Kulivusha ua lile barabara ilikuwa kama kuvusha bibi harusi. Mke wangu alishika chungu kwa mikono miwili, jirani wa kushoto akashika mwavuli upande wa upepo, mimi nikatangulia kinyumenyume mkono juu, nasimamisha magari. Lori la mchanga likafunga breki. Dereva akachungulia. "Maiti?" "Matumba!" nikamjibu. Akazima injini kabisa, akangoja tuvuke, na bodaboda mbili nyuma yake zikingoja bila kujua zinangojea nini.

Tukaliweka dirishani, alama ya wino ikielekea mwanga. Chini yake mke wangu akaweka sinia la kokoto na maji ili hewa isiwe kavu. Matumba yaliyobaki yalikuwa manne. Siku ya kwanza hakuna lililoanguka. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu lile la chini lilikuwa limevimba, tukaliona kwa macho bila lenzi, na daktari mwenyewe akatoka kwenye chumba chake na glavu zake akasema, "Limenenepa! Si limenenepa?"

Tangu hapo kliniki haikuwa kliniki tena. Wagonjwa walifika mapema kuliko miadi yao. Mama mmoja aliyezibwa jino alirudi akidai anataka kuhakikisha kama lilizibwa sawasawa, akakaa mbele ya okidi mpaka mchana. Akaja mzee mmoja kukaguliwa meno, daktari akamfungua kinywa akakuta hana hata moja. "Nilitaka mnikague fizi," mzee akasema, macho yake yako dirishani. Mimi nilikuwa navuka kutoka karakana kila baada ya skrubu mbili.

Dada pekee ndiye hakuvuka. Oda ya mahafali ikaisha salama, wakamsifu, na bado hakuvuka. Nilimwona mara kadhaa amesimama mlangoni kwetu, mkono umekinga jua, anatazama lile dirisha la ng'ambo.

Kisha siku moja, mchana, akatokea kliniki akiwa ameshika shavu. Habari hizi nilizipata kwa daktari baadaye.

"Unaumwa jino gani?"

"Lolote," dada akajibu. "Angalia wewe."

Daktari akaangalia, akapiga mluzi. Kumbe miaka ya kuonja sukari haikupita bure. Gego moja la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye shina. "Hili linatoka leo," akamwambia. Dada, aliyekuja kwa uongo, akanaswa na ukweli. Akachomwa sindano ya ganzi, akafungwa kitambaa kifuani, akaambiwa akae kidogo kwenye chumba cha kungojea dawa ikolee.

Akakaa peke yake. Mke wangu alikuwa amepita muda mfupi kabla, akalikagua tumba la chini, akaona mstari mwembamba umeanza kupasuka, akasema, "Kesho," akarudi dukani.

Mimi nilikuwa chini ya jokofu la mteja niliposikia vishindo. Nikatoa kichwa. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, kitambaa cha daktari kifuani, mdomo umepinda upande mmoja, mate yanamtiririka, mikono inapunga hewani.

"Kaka! Ua! Lihehunguka!"

"Limeanguka?" Nikaona akilini chungu sakafuni, kikonyo kimevunjika, miaka yote ile vipande vipande. "Limeanguka, dada?"

"Hahana! Lihehunguka! Lihehunguka!"

Sikungoja. Nilimpita mbio, nikaingia kliniki na bisibisi mkononi, nikamkuta daktari amesimama katikati ya chumba, kinyago kimeshuka hadi kidevuni. Ndiyo siku ya kwanza niliona uso wake wote. Alikuwa anatabasamu. Chungu kilikuwa mahali pake. Na kwenye kikonyo, ua lilikuwa linafunguka.

Halikufunguka kwa kishindo. Jani moja la ua lilikuwa limeshajiachia, la pili likawa linajivuta kutoka kwa mwenzake polepole, unaliona na hulioni, kama kivuli kinavyotembea. Rangi yake ilikuwa ya siagi inayoanza kuyeyuka, halafu kuelekea katikati ikaingia wekundu mwepesi. Pinki! Ndiyo, pinki, na bado sijui ilitoka kwa babu gani. Madoa yalikuwepo, lakini kwenye majani mawili ya chini tu, madogo, ya rangi ya zambarau, yamepangwa ukingoni kama mshono. Na ulimi wa katikati ulikuwa mweusi wa zambarau mbivu, una vimasharubu viwili vya dhahabu.

Nikapiga simu dukani. "Njoo," nikasema. "Njoo mbio. Njoo hivyo ulivyo."

Alikuja na aproni yake ya kazi, unga wa vioo mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja mkononi. Nilidhani atakimbilia dirishani. Hakukimbilia. Alisimama mbele ya dada yangu, akihema.

"Wewe ulikuwepo lilipoanza?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Lilianzaje, wifi? Nionyeshe."

Dada hakuweza kusema, kwa hiyo akaonyesha kwa mikono. Aliunganisha viganja kama mtu anayesali, vidole vikatetemeka, kidole kimoja kikachomoka, akasubiri, akatikisa kichwa kuonyesha jinsi alivyosubiri, kisha kingine, kisha viganja vyote viwili vikafunguka taratibu, taratibu, mpaka vikawa wazi mbele ya uso wa mke wangu. Mke wangu aliitazama mikono ile kwa makini aliyokuwa anatazamia vioo.

"Basi wewe ndiye wa kwanza," akamwambia. "Dunia nzima, wifi. Mtoto wa Mama, wewe ndiye uliyempokea."

Dada akaanza kulia. Upande mmoja wa uso wake ulilia na upande mwingine, wenye ganzi, ulikaa tu unatazama. Mke wangu akamkumbatia, kitambaa na mate na vyote. Wakakaa kwenye benchi la wagonjwa wameshikana mikono, wakaligeukia ua.

Daktari akakohoa. "Samahani. Ganzi haitangoja."

"Dakika hoha," dada akasema.

Akapewa dakika moja, ikawa nyingi. Jino likang'oka baadaye, naye akatoka ameuma pamba, anacheka. Mke wangu akamwambia, "Ndugu zake wale wadogo wawili nyumbani wanabanwa dirishani. Chumba chako kina jua zuri la asubuhi. Wachukue."

Dada akatoa pamba kidogo. "Nitahazahisha."

"Hutawazamisha. Utawatazama mizizi. Ikiwa ya kijani, funga mikono kwa kanga. Nitakuwa naja."

"Na hatuhda yahgu?"

"Matunda yako tutayahamishia karakana kwa huyu. Ana majokofu chungu nzima na hayana kitu ndani."

Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na la kupinga. Kabla jioni haijaingia tumba la pili lilianza kupasuka, na chumba kikawa kimejaa mtaa mzima: jirani na mwavuli wake, mzee asiye na meno, hata watu ambao sikuwa nawajua wametoka wapi, wote wanaongea kwa pamoja, wanasukumana kwa adabu, "samahani, nione kidogo, nami nione." Daktari alikuwa anawaeleza habari za gome na mkaa kana kwamba ameanza biashara hiyo tangu utotoni.

Ndipo mlango ukasukumwa na yule mteja wangu wa jokofu akaingia, amekunja uso, mikono kiunoni.

"Baridi! Saa nzima naita pale kwako. Friji langu umeliacha matumbo nje, nyama yangu inaoza, wewe uko huku unafanya nini?"

Nikamshika mkono kabla hajamaliza, nikamvuta katikati ya watu.

"Friji baadaye," nikamwambia. "Njoo kwanza hapa. Inama. Usiguse."